Nakaa kimya nikitazama ukuta: je, nimebadili dini?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Nyegezi hapa Mwanza. Ni Mkatoliki tangu utotoni na ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Naomba jina langu lisitajwe, kwa sababu jumuiya ina kaya 14 na zote tunajuana.

Huu ni mwezi wa 14 nafanya zazeni, yaani ule ukaaji wa kimya wa Wabudha wa Zen, au Zeni kama wengi wetu tunavyotamka. Tupo sita, tunakutana kila Jumamosi saa 12 asubuhi katika chumba cha kupanga kule Capripoint. Anayetuongoza ni Mtanzania mwenzetu aliyesoma Japani. Nakueleza tunachofanya ili usije ukadhani ni kitu kingine.

Kila mtu ana mto wa duara, upana wa sentimita 35 na kimo cha 20. Wangu nimeushona mwenyewe kwa kitenge nikaujaza sufi. Unakalia theluthi ya mbele ya mto, magoti yote mawili yaguse mkeka, mgongo usimame, kidevu kirudi ndani kidogo. Kiganja cha kushoto kinalala juu ya cha kulia na vidole gumba vinagusana kwa wepesi, kama vimeshika karatasi. Macho hayafumbwi, yanashuka chini kidogo ukutani. Unahesabu kila unapotoa pumzi, moja hadi kumi, na ukipotea unaanza tena moja. Muda tunaupima kwa kijiti cha udi. Kikiisha, kama dakika 40 hivi, kengele inagongwa, tunatembea polepole dakika 10, kisha tunakaa tena. Tukimaliza tunasoma Sutra ya Moyo, andiko fupi la Kibudha, kwa Kijapani na kusujudu mara tatu mbele ya sanamu ndogo ya Budha. Siku za kawaida nakaa nyumbani dakika 25, saa 11 alfajiri, kabla watoto hawajaamka.

Faida nimeiona. Usingizi uliokuwa umenikimbia umerudi, na kazini sijibu tena kwa ukali.

Tangu siku ya kwanza kiongozi wetu alituambia, "Zeni si dini, ni njia ya kujijua. Mkristo anakaa, Mwislamu anakaa." Na kweli, wawili kati yetu ni Waislamu. Sasa mwalimu wake anakuja kutoka Japani, na sisi watatu tumealikwa kupokea miiko katika sherehe inayoitwa jukai. Nimepewa vipande vya kitambaa nishone rakusu, kile kivazi kidogo kinachovaliwa shingoni kikaning'inia kifuani. Kila tundu la sindano unatamka kimoyomoyo "namu kie butsu". Vipande vimekatwa, viko kwenye mfuko, sijatia sindano hata moja.

Sherehe ni tarehe 8 Desemba, siku ambayo wao wanakumbuka Budha kuamka. Kwetu siku hiyo ni sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na jumuiya yetu ina zamu ya Misa. Wiki mbili baadaye, mkesha wa Noeli, natakiwa kuwa mama wa ubatizo wa mtoto wa mdogo wangu.

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Sengerema, akanikuta alfajiri nimeukabili ukuta na udi unafuka. Alimuuliza mume wangu kama nimerudia mambo ya masamva, yaani mizimu ya mababu. Mume wangu si mkali, ila kila siku ananiuliza swali moja: ni dini au si dini? Mwenyekiti wa jumuiya yeye alishajibu. Alisema anayesujudia sanamu ameshika dini nyingine, nichague.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Tangu Agosti, mara tatu nikiwa nimekaa, nimeuona uso wa marehemu bibi yangu ukutani, waziwazi. Kiongozi wetu, nilipomdokezea kwamba naona vitu, alisema, "Achana navyo, hesabu pumzi." Nilihesabu, halafu nikalia njiani kurudi nyumbani.

Mama, naomba unijibu. Zeni ni dini? Kama si dini, nitashona kwa amani. Kama ni dini, nitarudisha kitambaa. Na mguu wangu wa kushoto unakufa ganzi kila ifikapo dakika ya 20. Mama mkwe anasema hiyo ni ishara. Ni ishara ya nini?

Mshona Mto, Mwanza

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa miezi hii ya kubeba jambo peke yako huku nyumba nzima ikikudai jibu la neno moja.

Nionavyo mimi, umenipa mambo matatu yaliyofungwa kamba moja: unakaa, umealikwa kupokea miiko, na umemwona bibi yako. Yote matatu umeyatundika kwenye neno "dini", ukitarajia neno hilo likilala upande mmoja utashona, likilala wa pili utarudisha kitambaa. Tulitazame neno lenyewe kwanza, maana nina shaka kama linaweza kukuamulia.

Sisi tulilipokea neno dini kutoka Kiarabu, pamoja na Uislamu, na wamisionari walipofika wakalitumia hilo hilo kwa Ukristo. Ndiyo maana mtu wa kwetu akilisikia anaona Mungu mmoja, Kitabu, mitume na nyumba ya ibada. Kwa kipimo hicho, alichokifanya bibi wa bibi yako kwa masamva hakikuitwa dini. Kiliitwa mila, au jina baya zaidi. Na kwa kipimo hicho hicho Zeni inapita bila kushikwa, kwa sababu Ubudha hauhubiri Mungu muumbaji. Lakini wataalamu wa dini waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1912 mwanazuoni wa Ufaransa, Émile Durkheim, aliutumia Ubudha kuonyesha kwamba huwezi kuipima dini kwa kuuliza tu kama ina Mungu. Yeye alitazama kama watu wametenga kitu kitakatifu na kama kinawafunga pamoja kuwa jamii moja. Kwa mizani hiyo Ubudha ni dini bila ubishi, na masamva nayo ni dini.

Wajapani wenyewe wana kisa kama chetu. Neno lao la dini, shukyo, lilikuwamo katika maandiko ya Kibudha likiwa na maana finyu ya mafundisho ya kundi fulani. Katika karne ya 19, walipoanza kuandikiana mikataba na mataifa ya Magharibi, ndipo likachukuliwa kuwa tafsiri ya neno la Wazungu. Ungemfuata mtawa wa Kijapani Dogen, aliyeishi kati ya 1200 na 1253 na ambaye ukaaji wenu unafuata mkono wake, ukamuuliza "hii ni dini?", asingekuwa na neno la kukujibia. Angekwambia ni Njia ya Budha. Na jambo hili nataka ulishike: Dogen alikataa hata jina "madhehebu ya Zeni". Aliona ni kosa kuuchomoa ukaaji ukasimama peke yake, kama kwamba si Njia nzima ya Budha pamoja na miiko yake, mavazi yake na ile ahadi ya kumkimbilia Budha.

Basi kiongozi wenu anawadanganya? Sidhani. Anarudia usemi wenye historia. Kuanzia 1868 serikali mpya ya Japani iliutenga Ubudha na Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, na ghasia zilizofuata zilivunja mahekalu mengi na kuwarudisha watawa uraiani kwa nguvu. Wabudha walilazimika kuonyesha kwamba mafundisho yao hayapigani na sayansi wala na ulimwengu mpya. Mwaka 1893 mtawa wa Zeni, Shaku Soen, alikwenda kuzungumza kwenye mkutano wa dini za dunia kule Chicago. Mwanafunzi wake, D. T. Suzuki, akatumia miaka mingi kuwaeleza Wamarekani na Wazungu Zeni kama tukio la ndani linalotangulia dini zote. Maelezo hayo yaliwapendeza sana watu waliokuwa wamechoka na makanisa. Mwaka 1979 daktari wa sayansi Jon Kabat-Zinn, aliyewahi kufundishwa Zeni, akaenda mbele zaidi: alichukua ukaaji na uangalifu wa pumzi, akaacha udi, sutra na sanamu, akafundisha wagonjwa hospitalini Marekani. Huo ndio ukaaji uliovuliwa dini kwa makusudi.

Lakini hebu linganisha na chumba chenu cha Capripoint. Nyinyi hamjavua kitu. Mna sanamu, mna kusujudu mara tatu, mna Sutra ya Moyo. Umewahi kuomba tafsiri yake? Ndani yake ni Kannon, yule anayesikia vilio vya dunia, akieleza kwamba umbo ni utupu na utupu ni umbo, na mwisho kuna maneno ya nguvu yanayotamkwa kama yalivyo. Si sala kwa Mungu, wala si mazoezi ya pumzi. Huko Japani madhehebu ya Soto, tawi la Zeni linalomfuata Dogen, yana mahekalu takriban 14,000, na familia nyingi zinayajua kwa mazishi na kumbukumbu za wafu kuliko kwa zazeni. Pale Eiheiji, nyumba ya watawa aliyoianzisha Dogen mwaka 1244, siku huanza gizani kwa kukaa na kuendelea kwa ibada ya kusoma sutra. Mtawa wa pale akisikia kwamba Zeni si dini atakuuliza, basi haya tunayofanya kila siku tuyaitaje?

Kwa hiyo mume wako akikuuliza tena, una haki ya kumwambia kwamba swali lake lina majibu mawili ya kweli, na kwamba lililo muhimu zaidi ni kujua kila kitendo kinadai nini kwako.

Sasa nije kwa bibi yako, maana hapa ndipo barua yako iliponishika.

Uso huo umewekewa maelezo matatu. Ungekuwa kijijini kwenu, mzee angesema bibi anataka kitu, ameita na hakujibiwa, na angeagiza unga na pombe ya mtama. Ungemweleza mtu wa kikundi cha maombezi, angesema ni pepo aliyevaa sura ya bibi, na ungewekewa mikono. Kiongozi wenu amesema achana nacho. Jibu hili la tatu linasikika kama halina dini ndani yake, si ndiyo? Linasikika kama maelekezo ya fundi. Lakini lina jina katika Zeni: makyo. Walimu wameandika juu yake kwa karne nyingi: mwanga, sauti, harufu, nyuso, wakati mwingine hata Budha mwenyewe, vinamtokea mtu anayekaa sana. Na herufi za neno hilo zinasomeka kama "milki ya shetani", yaani yule Mara ambaye kwa masimulizi yao alikuja kumtikisa Budha usiku wa kuamka kwake. Agizo la "hesabu pumzi" linatoka kwenye simulizi hilo, na limekaa juu ya fundisho kwamba hakuna nafsi ya kudumu inayoweza kuja kukusalimu kutoka ng'ambo.

Unaona nilipofika, mwanangu? Ukaaji wenyewe ni mgongo na pumzi. Ila ukikaa vya kutosha utakutana na kitu, na mtu atakwambia kitu hicho ni nini. Dini, kwa jina lolote, huingia kwenye maelezo hayo. Ulilia njiani, na mimi sisemi kwamba ulilia kwa sababu maelezo yalikuwa ya uongo. Yawezekana ulilia kwa sababu bibi aliambiwa aondoke na wewe hukuwa umemuaga. Kanisa lako nalo lina la kwake la kusema juu ya marehemu: linawaombea, linawasomea Misa, Novemba nzima ni yao. Hujamwombea bibi Misa tangu Agosti? Nauliza tu. Unaweza kufanya hivyo na bado ukahesabu pumzi Jumamosi, na ukatazama ndani mwako ni lipi kati ya hayo mawili ulilolifanya ukiwa mzima.

Kuna upande wa mwili pia, na usiuruke. Macho yakikodolea ukuta mweupe kwenye mwanga hafifu kwa dakika 40, ubongo huanza kujichorea picha. Alfajiri, ukiwa hujalala vya kutosha, hujichorea zaidi. Punguza ukaaji wa nyumbani hadi dakika 10 kwa wiki tatu, kaa kukiwa kumekucha, na badala ya ukuta tazama mbali, ziwani kama dirisha lako linaruhusu. Uso ukitokea, taja kwa jina vitu vitano vilivyopo chumbani, gusa mkeka kwa kiganja, simama. Lakini ukianza kumwona bibi nje ya ukaaji, ukasikia sauti inayokuamuru, usingizi ukakatika siku tatu mfululizo au hofu ikakubana kifua, acha kukaa kabisa na uende hospitali ya rufaa umwone daktari wa afya ya akili. Zeni yenyewe inaijua hatari hii. Hakuin, mwalimu mkubwa wa karne ya 18, aliandika jinsi alivyougua kwa kuzidisha, na wao wana jina la ugonjwa huo. Anayekwambia kukaa hakuwezi kumdhuru mtu hajausoma urithi wake.

Turudi kwenye mfuko wa vitambaa. Hapa nakuomba uache kuliuliza neno dini, ukaisome sherehe yenyewe kipengele kwa kipengele. Kwa utaratibu wa Soto, jukai huanza kwa kutubu makosa ya zamani yaliyotokana na tamaa, hasira na upumbavu. Kisha unakimbilia Hazina Tatu: Budha, Mafundisho, na Jumuiya. Naam, Jumuiya, na sijui kama karatasi yenu ya Kiswahili imelitumia neno hilo, lakini ndiyo maana yake. Halafu miiko mitatu ya jumla: kuacha ubaya, kutenda wema, kuvifaa viumbe vyote. Kisha miiko kumi: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutolevya, kutotangaza makosa ya wengine, kutojisifu kwa kuwashusha wenzako, kutofanya uchoyo, kutoshikilia hasira, na kutozikashifu Hazina Tatu. Jumla 16. Mwishoni unapewa jina jipya na karatasi ya ukoo yenye mstari mwekundu unaotoka kwa Budha, ukipita kwa walimu wote, hadi kwenye jina lako.

Sehemu kubwa ya miiko hiyo ungeweza kuisoma kwa sauti kwenye jumuiya yenu na mwenyekiti akaitikia amina. Uzito uko kwenye ile mitatu ya kukimbilia, kwenye jina na kwenye mstari wa ukoo. "Namu kie butsu" maana yake ni hiyo: najitoa, nakimbilia kwa Budha. Rakusu ina mamia ya matundu ya sindano. Utakuwa umelisema neno hilo mara nyingi kuliko mtu anavyosema "nasadiki" katika miaka kadhaa ya Jumapili. Je, kukimbilia huku ni kama mtu anavyokimbilia kwa mwalimu bora wa maisha, au ni kama Mkristo anavyomkimbilia Bwana? Wapo Wabudha wanaojibu la kwanza, na wapo wanaojibu la pili. Lakini mwulize yule anayekuja, kabla hajafika, kwa maandishi: mimi nimebatizwa na sina nia ya kuuacha ubatizo wangu, je, kwako nitakuwa nimepokea nini? Mwalimu mkweli hatakasirika. Akijibu "si dini, usijali" bila kukueleza chochote zaidi, hilo nalo ni jibu la kulipima.

Na wiki mbili baadaye utasimama kwenye kisima cha ubatizo. Sheria ya Kanisa inataka msimamizi awe na miaka 16 au zaidi, amepata kipaimara na Ekaristi, na anaishi maisha yanayolingana na imani na kazi anayoichukua. Utaulizwa kama unamkataa Shetani na kama unasadiki, na utajibu kwa sauti kwa niaba ya mtoto asiyeweza kujibu. Sisemi kwamba midomo ile ile haiwezi kuyasema yote mawili. Nasema mtoto huyo atakua, na siku moja atakuuliza ulimaanisha nini.

Usidhani Kanisa lako halina la kusema isipokuwa "chagua". Mtaguso wa Vatikano II, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, uliutaja Ubudha kwa jina na kusema Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Ona kwamba liliuita dini. Tarehe 15 Oktoba 1989 Roma iliwaandikia maaskofu barua kuhusu tafakari, iliyotiwa sahihi na Kardinali Joseph Ratzinger, na Zeni imetajwa humo. Haikupiga marufuku. Ilisema Mkristo anaweza kuchukua kinachofaa katika njia hizo mradi maana ya sala ya Kikristo, ambayo ni mazungumzo na Mungu, isipotee. Na ilionya mtu asidhani kwamba utulivu, joto au mwanga anaouhisi ni faraja ya Roho Mtakatifu. Kabla ya hapo, Mjesuiti wa Ujerumani, Hugo Enomiya-Lassalle, ambaye alinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, alikaa zazeni kwa miongo mingi, akakubaliwa na mwalimu wa Kijapani kuwa mwalimu, na akabaki padre hadi alipofariki 1990.

Hapa kwetu tuna mfano wa karibu. Nenda Bujora, pale Kisesa. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliziingiza ngoma na alama za utemi wa Kisukuma kanisani, na sikukuu ya Ekaristi ikachezewa na Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Kisukuma vinavyoshindana. Ngoma iliyowahi kupigiwa mizimu ikapigwa mbele ya Sakramenti. Kuvuka namna hiyo kuliwezekana, lakini kulifanyika mchana, mbele ya watu, na walioongoza walijua kitu gani wanakibeba na kipi wanakiacha.

Ndiyo maana ninakusukuma kidogo kuhusu paroko. Umeniandikia mimi, lakini yeye hujamwendea, na mwenyekiti wa jumuiya si mwamuzi wa mambo haya. Hatari ipo: anaweza kuwa hajasoma lolote juu ya Zeni na akakwambia kwa haraka uache, na habari zikazagaa. Punguza hatari hiyo. Usiende na swali "Zeni ni dini?" Nenda na karatasi yenye maneno ya jukai kwa Kiswahili, useme ni vipengele vipi vinakutatiza, na umwombe nafasi nje ya siku za ofisi yenye foleni.

Njia zilizo mbele yako naziona hivi. Unaweza kuendelea kukaa na usishone, ukimweleza mwalimu kwamba hujafika hapo. Hatari yake ni kujiona uko nusu nusu wenzako wawili wakivaa rakusu, na pengine utakaa miaka mlangoni bila kusema kwa nini. Unaweza kushona na kupokea, ukiwa umemwambia mume wako na paroko kwanza. Hapo uwe tayari kuambiwa uache ukatibu, au umpishe mwingine kwenye ubatizo. Ukipokea kwa siri, tarehe 8 utakuwa umekosa Misa ambayo jumuiya yako ina zamu, na sababu utakayoitoa itakuwa uongo, wakati mwiko mmoja wa ile utakayoipokea siku hiyo unakataza uongo. Unaweza kuomba sherehe isogezwe mwaka mmoja. Kwa kawaida mwalimu hana sababu ya kukuharakisha, na wapo wanaoshona miezi mingi. Na unaweza kurudisha kitambaa na mto pamoja. Ila angalia usije ukaacha kwa kumwogopa mama mkwe, kisha ukambebea kinyongo kwa kitu ambacho hakukijua.

Ungependa kuwasikia Wabudha wasiosema "si dini"? Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu lililoanzishwa na wahamiaji wa Sri Lanka zaidi ya miaka 100 iliyopita. Na ng'ambo ya ziwa hili hili, Garuga karibu na Entebbe, mtawa Mganda Bhante Buddharakkhita alianzisha kituo mwaka 2005. Wote ni wa tawi la Theravada, si Zeni, kwa hiyo ukaaji wao unatofautiana kidogo. Lakini Hazina Tatu ni zile zile, na huyo mtawa Mganda ni Mwafrika Mashariki mwenzetu.

Kuhusu mama mkwe: aliuona mgongo wako, moshi na ukuta, akaunganisha na alichokijua. Zima udi nyumbani, tumia saa ya simu, kwani udi ni kipima muda tu na chumba cha watoto hakiuhitaji. Akija tena, mwonyeshe mto, mfungulie mshono aone sufi. Mwambie unachokifanya kwa dakika hizo kwa maneno mepesi, na lile la Capripoint usimfiche. Huyo mama anajua mambo ya masamva kuliko wewe na mimi. Pengine ndiye mtu wa kwanza unayeweza kumwambia umemwona bibi.

Mguu sasa. Ganzi ya dakika ya 20 inatoka kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa, ama chini ya paja kwenye ukingo wa mto, ama pembeni chini ya goti. Sufi hushindiliwa na mwezi wa 14 mto wako hauna tena sentimita 20. Upime ukiwa umeukalia, kisha ongeza sufi au kunja kanga chini yake mpaka nyonga ziwe juu ya magoti. Kaa mbele zaidi, ukingo usifike katikati ya paja. Goti lisilofika kwenye mkeka lishikizwe na kitambaa kilichokunjwa, lisining'inie. Badilisha mguu wa juu kila kipindi. Ganzi inayoisha ndani ya dakika mbili tatu ukinyoosha mguu haina neno. Maumivu makali ndani ya goti yana neno, na hapo hamia kwenye kiti, nyayo zote mbili sakafuni, mgongo usiegemee. Na kengele ikilia usiinuke kwa haraka. Nyoosha mguu, ukande, chezesha vidole mpaka uvihisi vyote vitano, ndipo usimame.

Mama Mshauri